Amplifaya ya babu, sabufa ya mjukuu

Katika nyumba nyingi kuna kitu cha marehemu ambacho hakuna anayejua kifanyiwe nini. Inaweza kuwa cherehani, baiskeli, redio ya mbao au sanduku la vifaa vya useremala. Hakitumiki, lakini hakiuzwi. Kila anayefagia chumba anakisogeza, anafagia, kisha anakirudisha palepale.

Kwa familia moja ya Kihonda, mjini Morogoro, kitu hicho kilikuwa amplifaya. Si ile ndogo ya sebuleni, bali amplifaya ya kazi: sanduku la chuma la kubebwa kwa mikono miwili, nguvu ya wati 120, matundu ya maikrofoni mbele na safu ya skrubu za kufungia nyaya nyuma. Babu wa familia hiyo aliitumia kwa zaidi ya miaka 20 akikodisha vipaza sauti kwenye harusi, mikutano ya hadhara, mahafali ya shule na, zaidi ya vyote, misiba.

Alipofariki, spika zake mbili za honi, zile zinazofanana na za magari ya matangazo, zilipandishwa juu ya kabati. Amplifaya iliwekwa chini ya kitanda cha bibi, ikafunikwa khanga.

Miezi minane baadaye, watu watatu ndani ya nyumba hiyo walikuwa na mawazo matatu juu yake. Mama mwenye nyumba, ambaye ni binti wa marehemu, alitaka iuzwe. Muhula wa shule ulikuwa unakaribia, na mtu mmoja wa kukodisha muziki alikuwa ameshataja bei. Bibi alitaka ibaki ilipo. Kijana wa miaka 15, aliye kidato cha pili, ambaye kila Jumamosi alikuwa akimbebea babu yake nyaya, alitaka ifanye kazi. Alitaka iwe sabufa.

Hesabu ya kijana

Nyumbani kulikuwa na sabufa ya kawaida, ya dukani. Iliungua usiku mmoja umeme ulipokatika kisha ukarudi kwa nguvu. Aliyeikagua alisema saketi ya ndani imekwisha, ila spika yenyewe, ya inchi 8, ni nzima.

Kwa kijana hesabu ikawa rahisi. Kuna spika isiyo na amplifaya, na kuna amplifaya isiyo na kazi. Viunganishwe.

Alimweleza mama yake jioni, mama akiwa anachambua mchele. Alieleza kwa muda mrefu, kwa mikono na kwa maneno. Jibu likawa fupi: "Hapana. Umeme si mchezo. Na kile si kitu chako."

Mama alikuwa na sababu zake. Mtaani kuna mtoto aliyewahi kurushwa na umeme kwa kuchokonoa pasi. Pia amplifaya ikifunguliwa na kuharibika, haitauzika tena, na bibi atakuwa amepoteza kile kidogo kilichobaki cha mumewe. Mzazi yeyote angesema vilevile.

Lakini usiku, jambo jingine lilimkosesha usingizi. Tangu msiba, mwanawe alikuwa amepungua maneno. Alikula, akaoga, akaenda shule, akarudi, akafunga mlango wa chumba chake. Mwalimu wa darasa alikuwa amempigia mama simu kuuliza kama nyumbani kuna tatizo. Yale maelezo ya sabufa mbele ya ungo wa mchele yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote aliyoyafanya kijana huyo kwa miezi kadhaa. Naye alikuwa ameyakata kwa sentensi tatu.

Alimpigia mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini kuelekea Tunduma. Mume alisikiliza, kisha akasema: "Mwache akamuulize fundi. Kuuliza hakuunguzi kitu. Ila mwenye mali ni bibi, aanzie huko."

Swali la bibi

Asubuhi kijana alimkuta bibi yake barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona leo umeamka na jua?"

Alimweleza. Bibi, ambaye hajui tofauti ya sabufa na jokofu, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Utaikata?"

Kijana alifikiri. Hakujua. Hakuwa amewahi kuona ndani ya amplifaya ile, babu hakuruhusu. Akajibu ukweli: "Sijui, bibi."

"Basi nenda kajue kwanza. Ukirudi na jibu, tutazungumza."

Lile likawa swali lililoongoza kazi yote. Watoto wengi wanaopenda ufundi huanza kwa kufungua kitu, halafu ndipo wanauliza kilikuwa kinafanyaje kazi. Bibi alimgeuzia mjukuu wake mpangilio huo bila kujua chochote kuhusu umeme.

Kifaa kilitengenezwa kwa kazi gani?

Jumamosi iliyofuata mama na mwanawe walipanda bajaji na amplifaya hadi kwa fundi wa redio na televisheni, karibu na stendi ya daladala. Fundi aliitambua kabla khanga haijatolewa yote. "Hii ni ya mzee," alisema, kisha akamtazama mama. "Pole sana, dada. Tulikuwa tunamtegemea mtaa mzima."

Kisha akamweleza kijana kitu ambacho wengi wanaomiliki vifaa kama hivyo hawakijui.

Amplifaya ya kipaza sauti haikutengenezwa kwa ajili ya muziki wa sebuleni. Ilitengenezwa kufikisha maneno ya mtu mbali. Spika za honi huweza kufungwa juu ya mti, mita 100 kutoka mezani, na waya mrefu hupoteza nguvu njiani. Kwa hiyo ndani ya amplifaya kuna transfoma inayopandisha umeme wa sauti hadi volti 100, na kila honi ina transfoma yake ndogo ya kuushusha. "Ni kama TANESCO," fundi alisema. "Njia kuu inabeba volti nyingi ili zisipotee njiani, ukifika mtaani kuna transfoma kwenye nguzo."

Ndiyo maana nyuma kuna skrubu sita badala ya mbili: moja ya pamoja iliyoandikwa COM, kisha 4, 8, 16, 70V na 100V. Honi za babu zilikuwa zinafungwa kwenye 100V. Spika ya sabufa, ambayo ni ya ohmu 4, ifungwe kati ya COM na 4, si kwingine.

Kijana aliuliza itakuwaje akikosea. Fundi akachukua kalamu. Amplifaya ya wati 120, kwenye skrubu ya volti 100, inategemea kukuta mzigo wa ohmu 83 au zaidi. Ukiifungia hapo spika ya ohmu 4, umeitwisha mzigo mara 20 hivi ya ule iliopangiwa. Bahati yako ikiwa nzuri, fyuzi itakatika. Ikiwa mbaya, transista za kutolea sauti zitaungua. Zaidi ya hapo, volti 100 ni umeme wa kumrusha mtu, kwa hiyo skrubu hizo haziguswi kifaa kikiwa kimewashwa.

Halafu likaja jibu la bibi. Haikatwi. Hakuna waya unaoondolewa wala tundu linalotobolewa. Kila kitu kinafungwa kwa skrubu za nyuma na kwa tundu la AUX, na siku yoyote kinaweza kufunguliwa, honi zikarudishwa, kifaa kikawa kilekile.

Fundi hakumficha upande wa pili. Transfoma ile ya kutolea sauti haipendi sauti za chini sana. Sauti ya mwanamume akizungumza huanzia kwenye mitetemo kama 100 hivi kwa sekunde, na hiyo ndiyo kazi iliyopangiwa. Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Chini kabisa huko, chuma cha transfoma hushiba. Sauti inakwaruza na amplifaya inapata moto.

"Kwa hiyo dogo, nikwambie mapema," fundi alimalizia. "Hii itakupa besi ya kusikiliza muziki. Haitakupa besi ya kutetemesha madirisha ya jirani."

Kijana alinyong'onyea kidogo. Mama yake, kwa mara ya kwanza, akaanza kuipenda sabufa hiyo.

Karatasi nyuma ya mlango

Bibi aliposikia kwamba haikatwi, aliikunja khanga ya kufunikia akaiweka kwenye sanduku lake. Ndiyo ilikuwa ruhusa.

Mama naye aliandika masharti kwenye karatasi ya daftari na kuyabandika nyuma ya mlango wa chumba cha kijana. Kifuniko cha amplifaya hakifunguliwi nyumbani hata siku moja. Kinafunguliwa na fundi, kijana akiwa anaangalia. Nyaya zinafungwa na kufunguliwa plagi ikiwa imechomolewa ukutani, si kuzimwa kwa swichi tu. Fyuzi ikikatika inawekwa ya kiwango kilekile, na kamwe haiwekwi waya badala yake. Baada ya saa mbili usiku hakuna besi. Siku za mitihani hakuna besi kabisa.

Kijana alisaini. Baba yake, akiwa Tunduma, alitumiwa picha ya karatasi hiyo kwa simu akajibu kwa neno moja: "Sawa."

Jumamosi tatu

Kazi ilichukua Jumamosi tatu, na sehemu kubwa yake haikuwa ya umeme.

Jumamosi ya kwanza fundi alifungua kifuniko, akapuliza vumbi la miezi minane na kukaza skrubu zilizolegea. Hakuichomeka moja kwa moja kwenye umeme. Aliipitisha kwanza kwenye balbu ya wati 100, ile ya zamani yenye waya ndani, iliyofungwa mfululizo na plagi. Kama ndani kuna hitilafu kubwa, balbu inawaka kwa nguvu na kuubeba mzigo wenyewe. Kama kifaa ni kizima, balbu inamulika mara moja kisha inafifia. Ilififia. Kijana aliomba kuona tena, fundi akairudia.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya useremala. Saketi iliyoungua ilipotolewa kwenye sanduku la sabufa, iliacha tundu la ukubwa wa daftari. Kijana alidhani linaweza kubaki. Fundi akamwambia aweke mkono: spika ikisukuma hewa mbele, hewa inatoka kwa nyuma kupitia tundu hilo, na besi inapotelea hapo. Likazibwa kwa kipande cha plaiwudi, skrubu nane na gundi ya mbao, isipokuwa ile njia ya hewa ya mviringo ambayo mtengenezaji aliiacha makusudi.

Siku hiyohiyo walitengeneza kichujio. Bila kichujio, sabufa hujaribu kutamka maneno ya wimbo, ikasikika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Kichujio chenyewe ni rezista na kapasita, vitu vidogo vya bei ya chini, vinavyokaa kwenye waya wa kuingilia. Fundi alimpa kijana kanuni na kumwachia hesabu: rezista ya ohmu 10,000 na kapasita ya nanofaradi 150, je, sauti zinaanza kupunguzwa wapi? Kijana alikosea mara mbili kwa sababu ya sifuri. Mara ya tatu alipata karibu mitetemo 106 kwa sekunde. Mama alimwona akiirudia hesabu hiyo usiku, mezani, kwenye daftari la fizikia. Hakusema kitu. Alimwekea chai.

Kulikuwa na jambo moja zaidi la nyaya. Muziki wa redio au simu hutoka njia mbili, kulia na kushoto, wakati amplifaya ya kipaza sauti ina njia moja. Nyaya hizo mbili hazisokotwi pamoja hivihivi, maana kila upande utausukuma mwenzake. Kila mmoja hupitishwa kwenye rezista yake kwanza, ndipo zikutane.

Jumamosi ya tatu kila kitu kililetwa nyumbani. Sauti za juu zilipangiwa redio ya kaseti ya babu, yenye spika zake mbili ndogo na tundu la kutolea sauti nyuma. Sauti za chini zingekwenda kwenye amplifaya na sabufa. Familia ilikaa. Kijana akachomeka plagi, akawasha.

Kabla ya wimbo wowote, sebule ilijaa mvumo. *Mmmmm*, mzito, usiokatika, kama jenereta ya mbali.

"Hiyo nini?" bibi aliuliza.

Mvumo uliokuwepo siku zote

Kijana alizima, akachomoa, akampigia fundi. Fundi akamwongoza kwa simu: chomoa waya wa redio, shusha sauti yote, washa tena. Mvumo ulikuwa bado upo. Kwa hiyo haukuwa unaingia kwa waya. Ulikuwa ndani ya amplifaya yenyewe.

Dukani, fundi alionyesha kapasita mbili nene, kubwa kama makopo madogo ya maziwa, vichwa vyake vikiwa vimevimba. Kazi yake ni kulainisha umeme baada ya kubadilishwa kutoka ule wa ukutani. Zikizeeka zinakauka, na mawimbi ya umeme yanapenya hadi kwenye spika, mara 100 kwa sekunde. Hata plagi ikichomolewa, kapasita kama hizo huweza kubaki na umeme kwa muda, na ndiyo sababu kubwa ya kifuniko kutofunguliwa nyumbani. Fundi aliumaliza umeme huo kwa kupitisha rezista, akapima kwa mita, ndipo akashika.

Kijana aliuliza kwa nini babu hakuwahi kuusikia mvumo huo. Jibu lilikuwa kwenye honi. Spika ya honi ni hodari kwa maneno, lakini sauti nzito kama hiyo karibu haiitoi kabisa. Kifaa kilikuwa kinavuma pengine kwa miaka, harusi hadi harusi, msiba hadi msiba, na spika zilezile zilizokuwa zikipeleka sauti mbali ndizo zilizokuwa zikiuficha ugonjwa wake.

Kapasita mpya zikawekwa. Hapo bibi akauliza, kijana aliporudi: "Na zile kuukuu ziko wapi?"

Alikuwa amezifunga kwenye gazeti, akazileta. Hakuna aliyemwagiza. Bibi akazipokea, akaziweka kwenye sanduku, pamoja na khanga.

Jioni ile waliwasha tena. Kimya. Kijana akachukua kaseti ya kwanza kwenye boksi la babu. Ilikuwa ya Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Bibi amesikiliza kaseti hiyo kwa miaka mingi, lakini kwa redio ileile, yenye spika ndogo zisizofika chini. Gitaa la besi lilipoingia, aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Kumbe kulikuwa na mtu huku chini?" alisema. "Miaka yote hii, na mimi nilikuwa simsikii?"

Alitaka wimbo urudiwe. Ukarudiwa mara nne. Madirisha hayakutetemeka.

Masikio na majirani

Spika ya inchi 8 ile ina uwezo wa wati 50 hivi, na amplifaya inaweza kutoa 120. Fundi alitafuta mahali ambapo spika ilianza kulalamika, akarudisha kirungu cha sauti nyuma, na mama akatia alama kwa rangi yake ya kucha. Zaidi ya alama hiyo hakuendwi.

Alama hiyo ilikuwa ya kulinda spika. Ya kulinda masikio ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 80, na mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa hizohizo. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 3 tu, muda salama unakatwa nusu. Sabufa ina mtego wake hapa. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, hivyo mtu huongeza na kuongeza ili aisikie besi, na sauti nyingine zote zinapanda pamoja nayo.

Besi pia haina adabu ya kukaa chumbani kwake. Wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita saba, na ukuta wa tofali haulizuii sana. Jirani husikia besi bila kusikia wimbo, na hicho ndicho kinachochosha. Nyumba ya pili kulikuwa na mtoto mchanga. Wiki ya kwanza kijana alitumwa kwa jirani huyo mwenyewe, kwa miguu yake, kuuliza kama anasikia. Aliambiwa ndiyo, hasa mchana mtoto anapolala. Akarudi, akaisogeza sabufa kwenye kona ya sebule iliyo mbali na ukuta wa jirani. Kona huikuza besi, kwa hiyo aliweza kupunguza kirungu na bado akaridhika. Mchana mtoto akilala, inazimwa.

Msiba wa mtaa

Miezi miwili baadaye alifariki mzee mmoja, nyumba ya tano kutoka hapo. Saa kumi na mbili asubuhi mjumbe wa mtaa alibisha hodi. Alikuja kwa mazoea ya zamani, kisha akakumbuka, akaona haya. "Samahani mama, nilisahau kwamba mzee hayupo. Nilikuwa naulizia kipaza sauti."

Mama alikuwa anatafuta namna ya kumjibu. Nyuma yake alisikia kabati linavutwa. Kijana alikuwa amepanda kwenye kiti anashusha honi.

Alichomoa plagi ya amplifaya. Akafungua nyaya za sabufa kutoka COM na 4. Akafunga za honi kwenye COM na 100V, akakagua, akakagua tena kwa kidole bila kugusa, kama alivyofundishwa. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, akitazama kila skrubu.

Kwa siku tatu matangazo ya msiba ule, ratiba ya mazishi na shukrani za familia, vilipita kwenye kifaa kile. Kijana alikaa mezani pembeni yake, mahali alipokuwa akikaa babu. Siku ya kwanza alipojaribu maikrofoni kwa "moja, mbili", wazee kadhaa waligeuka. Mmoja alimfuata baadaye, akamshika bega, akamweleza habari za babu yake ambazo hakuwahi kuzisikia. Wakazungumza hadi chakula kilipoletwa. Mama aliwaona kwa mbali, na aliona kwamba mwenye maneno mengi hakuwa mzee peke yake.

Yule mtu wa kukodisha muziki alipopiga simu tena kuhusu bei, aliambiwa kifaa kina kazi.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa aina hii

Si kila mtoto anayetaka kuunganisha nyaya atakuwa mhandisi, na si kila amplifaya ya zamani inafaa sabufa. Nyingine ni mbovu kiasi kwamba kuitengeneza ni kutupa fedha. Nyingine hazina skrubu za ohmu 4 au 8, zina volti 70 na 100 pekee, na hizo haziwezi kupokea spika ya kawaida bila transfoma ya kati. Hilo linasomeka nyuma ya kifaa kabla ya kununua hata waya.

Mzazi asiyejua umeme bado anaweza kuuliza maswali matatu. Kifaa hiki kilitengenezwa kwa kazi gani? Kuna kitakachokatwa ambacho hakirudi? Nani atakuwepo kifuniko kikifunguliwa? Mtoto asiye na majibu hajakosa. Anahitaji kupelekwa kwa mtu mwenye majibu, na mzazi aende naye angalau siku ya kwanza, amjue fundi, na fundi amjue.

Kama fundi wa kuaminika hajapatikana, kitu kibaki chini ya kitanda. Mwaka mmoja zaidi hakitadai chakula wala sare ya shule. Ila mtoto asiambiwe tu hapana. Aambiwe kinachosubiriwa ni nini, ili naye ajue cha kutafuta.